Uvimbe Usiokuwepo

Daktari alimweleza Vivian kila kitu cha kutarajia. Kwamba ataamka kifua kimebana utadhani mtu amemkalia. Kwamba atalala chali, mito mgongoni, na asiinue mikono hata kuchana nywele. Matiti yatakaa juu kwanza, magumu, ndipo yashuke pole pole. Ngozi itakufa ganzi hapa na pale, makovu yatabaki chini, na vile vifuko vya silikoni havidumu milele. Siku moja vitahitaji kubadilishwa. Vivian aliitikia yote. Msusi wa Kitale mwenye saluni yake, nani wa kumtisha na maumivu? Ila hakuna daktari wa kumwambia mtu kwamba mamake atafunga kula kwa ajili yake.

Maana alimwambia mamake nini? Ati ana uvimbe kwenye titi. Alitaka tu kisingizio cha kwenda Nairobi, na hicho ndicho kilichomjia mdomoni. Jamani, kuna uongo usiochezewa! Mama Nanyama alilia kwenye simu, akaamsha kanisa zima la kijijini kwao Bungoma, wanawake wakafunga. Vivian aliporudi Kitale akamkuta mlangoni, amekonda, amebeba kuku na unga wa wimbi.

"Walikuta nini, mwanangu?"

"Hawakukuta kitu, mama. Uvimbe ulikuwa umepotea."

Mama akaanguka kifudifudi pale pale akimshukuru Mungu. Basi akakaa kumuuguza. Akampikia uji, akamfulia, akamchana zile nywele asizoweza kuzifikia. Alipotaka kumwosha kifua, Vivian alisema daktari amekataza. Na kila mama alipopiga magoti kando ya kitanda, Vivian alitamani godoro limmeze. Nitamwambia nikipona, alijidanganya. Akapona, na hakusema.

Mama naye hakunyamaza. Aliandaa ibada ya shukrani nyumbani Bungoma, tenti na viti vya plastiki, masufuria ya kuku yakichemka nyuma ya nyumba. Vivian alivaa gauni pana, lakini wanawake wana macho.

"Ati hawakukuta kitu? Mbona mimi naona wameacha kitu!" mmoja akatania.

"Mungu akijibu, hujibu na nyongeza, bana!" akadakia mwingine, na vigelegele vikapasuka. Vivian akacheka nao huku akilivuta gauni lisimbane kifuani.

Ndipo shangazi Nasimiyu, dada ya marehemu babake, akamvuta hadi chumbani kwa mama. Akarudisha mlango, akafungua vifungo vya blauzi yake.

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Shika hapa."

Vivian akashika. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama kokwa ya parachichi, hakisogei.

"Daktari aliniambia nikatwe mapema, ati bado kuna nafasi. Walinipa siku. Sikuenda."

"Kwa nini, shangazi?"

"Nikuone wewe halafu nikimbilie kisu? Wewe tulikuombea uvimbe ukayeyuka. Na mimi nitaombewa."

Vivian angenyamaza, shangazi angekufa, na angekufa akimsifu yeye.

"Shangazi, sikuwa na uvimbe. Nilienda kuongezwa matiti."

Nasimiyu akatabasamu, akampapasa shavu. "Unataka tu niende hospitali. Una roho nzuri."

Roho nzuri! Vivian akashusha gauni hadi kiunoni. "Ona basi. Makovu mawili, huku na huku, yanafanana. Uvimbe gani huo wa kutoka pacha? Shika, shangazi. Ni silikoni."

Mlango ukafunguka. Mama Nanyama alikuwa amesimama na mwiko mkononi, amekuja kuwaambia mchungaji amefika. Akaona.

"Nilikudanganya, mama," Vivian akasema. "Haukuwepo huo uvimbe. Tangu mwanzo haukuwepo."

Heri angemzaba kofi. Mama aliweka mwiko juu ya kitanda, akamfunga Nasimiyu vifungo vya blauzi, kimoja kimoja.

"Vaa viatu, wifi. Tunaenda hospitali."

"Na maombi je?"

"Tutaomba njiani."

Vivian akajifunika haraka. "Nawapeleka, mama, ngoja nichukue mkoba."

"Wewe baki." Mama hakumtazama. "Wale walio nje walifunga na mimi. Kama kuna mwingine anayengojea muujiza wako, mimi simjui, na wewe humjui. Nenda ukawaambie."

Wakatoka kwa mlango wa nyuma, wameshikana mikono.

Vivian alifuta uso, akatoka kwa mlango wa mbele. Tenti nzima ikasimama. Wakapiga makofi, mmoja akaanzisha wimbo, mchungaji akamkabidhi kipaza sauti huku akicheka kwa furaha.

"Mama zangu," Vivian akasema, "ketini. Msiimbe kwanza."