Toleo la Majaribio

Jumamosi saa nne asubuhi, mwalimu Aline alikaa kwenye meza ya chakula nyumbani kwake Kasulu, akafungua kompyuta na kuanza kutafuta programu ya bure ya kuhariri video. Alitaka kitu rahisi tu. Alikuwa na vipande arobaini na kimoja vya jubilei ya ndoa ya wazazi wake, mzee Ndayiragije na mama Esteri wa Kitahana kule Kibondo. Vyote vilipigwa kwa simu, na kimojawapo kilimwonyesha mbuzi dakika sita nzima. Ndugu kwenye kundi la familia walikuwa wakiidai video kila siku, utadhani ana studio.

Programu ya kwanza ilimmalizia bando kabla haijafunguka. Ya pili iliifanya kompyuta ichemke, ingurume, ijizime. Ya tatu, yenye alama ya mkasi wa kijani, ilikuwa nyepesi na tiifu, ikikata pale pale ulipogusa. Ukurasa wake ulisema BURE kwa herufi kubwa. Chini yake palikuwa na maandishi madogo ambayo Aline hakuyasoma. Nani huyasoma?

Akamwondoa mbuzi. Akaondoa mvua. Akafika kwenye hotuba ya mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja aliyechelewa saa mbili na bado akapewa kiti cha mbele. "Tunawapongeza wageni wetu hawa," alisema mheshimiwa. "Miaka hamsini wamekaa nasi vizuri, hawana matata." Watu walipiga makofi, na mzee Ndayiragije naye akapiga. Aline akazikata sekunde zile saba.

Alipoihifadhi video, ilitoka na maandishi ya kijivu: TOLEO LA MAJARIBIO, SIKU 30. Hayakukatiza picha nzima kama ilivyo kawaida ya programu za namna hii. Yalikaa vifuani mwa watu, tena si wote. Daktari Abdalah, aliyehamishiwa Kibondo mwaka juzi kutoka Tanga, hakuwa nayo. Longinus, jirani, Muha wa hapo hapo, hakuwa nayo. Baba alikuwa nayo, mama alikuwa nayo, na Aline mwenyewe, akipita na sinia la pilau, alikuwa nayo.

Simu ikaita. Alikuwa mama.

"Aline, mwana wanje, baba yako ameandikwa."

"Kifuani?"

"Ego, kifuani. Na mimi pia. Nimesugua kwa sabuni ya mche, nimesugua kwa jiwe, haitoki. Yako inasemaje?"

Aline akafungua kifungo cha juu cha blauzi. "Thelathini."

"Basi tuko sawa," alisema mama, akauliza kama Kasulu kumenyesha.

Jumapili siku zikawa ishirini na tisa. Jumatatu mwalimu mkuu aliisoma hesabu hiyo juu ya kola ya Aline, kisha akapanga mitihani ya darasa lake ifanyike mapema kidogo, na kumwuliza angependa kumwachia nani kwaya. Hakuwa na nia mbaya. Aline alimjibu kwa adabu, halafu akaenda kusimama nyuma ya stoo. Aliogopa. Hakujua sifuri ikifika kitakatwa nini: kazi, nyumba, au watu wenyewe. Alishaona jinsi mkasi ule ulivyofanya kazi. Ulikata bila sauti, pande mbili zikaungana, na aliyetazama hakujua kwamba pale katikati palikuwa na mtu.

Zilipobaki kumi na moja, alibeba kompyuta hadi kwa Japhet, fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Japhet alisoma kioo, akasoma na kifua, akavuta kiti.

"Mwalimu, umechanganya mambo. Hii siyo ya bure, ni ya majaribio. Wanakuachia utumie kila kitu, ila inakuhesabia. Ya bure kweli ni hii hapa. Watu wameitengeneza, wakaiachia. Haihesabu siku, haigongi chapa."

"Na walioshagongwa?"

Japhet alikuna kidevu. "Hariri upya, mwalimu. Tuone."

Akahariri upya siku mbili. Akamkata mbuzi, mvua, na sekunde saba zile zile. Safari hii video ilitoka safi, hakuna herufi hata moja kwa mtu yeyote. Akaituma, na kundi zima likauliza mbuzi yuko wapi. Aline akafungua kifungo. Tisa.

Siku ya mwisho alipanda basi kwenda Kitahana. Baada ya chakula cha mchana walikaa uani, watatu tu. Mzee alivaa suti ya jubilei, na kifuani ameshikilia cheti chake cha uraia kilichokuwa ukutani ndani ya fremu. Maandishi yalipenya karatasi, yakatokea juu ya kioo. Mama Esteri alikuwa ameukamata mkono wa Aline mpaka vidole vikafa ganzi. Saa nane kasorobo ile moja ikafutika, ikawa sifuri. Wakatazamana, wakihesabiana kwa macho. Halafu ikaandikwa thelathini.

Aline alilia kwa ahueni, bila kujificha. Mzee hakulia.

"Inajirudia," alisema. "Ndivyo ilivyo tangu tuvuke mpaka pale Mabamba, mwana wanje. Ilikuwa haionekani tu."

Akarudisha cheti ukutani, akavua koti, akachukua jembe. Nyuma ya nyumba palikuwa na mafungu ya vipando vya mihogo, tayari kwa kupandwa. Akampelekea Longinus yote, naye akashukuru bila kuuliza. Mihogo hukaa ardhini mwaka mzima na zaidi. Aliporudi alilima tuta moja fupi, akamwaga mbegu za mchicha, akazifukia kwa kiganja.

"Huu unachumwa siku ya ishirini na tano," alimwambia Aline. "Tano zinatosha kufunga mizigo."