Harusi Iliyojaza Diski

Mume wangu Abbasi anaandika programu za kompyuta, na anaziandikia ndani ya duka langu la kanga hapa Biharamulo mjini. Wateja wanachagua bidhaa kwa kuchungulia juu ya kichwa chake. Kwa hiyo chama cha wakulima wa Bisibo kilipotaka programu ya kutunza mafaili yao, nilimwombea dua kuliko yeye mwenyewe. Akipata kazi atapata ofisi, na mimi nitapata duka langu.

Asubuhi ya siku ya kuja mwenyekiti wa chama, Abbasi akaamua kuipima. Kuna majaribio yanayojiendesha yenyewe: kwanza yanatengeneza folda ya muda na mafaili ya mfano, ndipo yanapima kama programu inaweza kuyafungua na kuyafuta. Akabonyeza. Kioo kikajaa mistari myekundu, kila jaribio limefeli.

"Hongera, Baba Raya," nikamwambia. "Kumbe muda wote huo unatwanga maji kwenye kinu."

Akaanza kubomoa programu yake, jasho linamtoka, na mimi namsema bila kupumua. Mwishowe akasoma mstari wa juu kabisa, ule tulioupuuza. Folda ya muda haikutengenezwa. Hakuna kilichopimwa.

"Programu ni nzima, Mama Raya. Diski imejaa."

"Imejaa nini?"

Video ya harusi yetu. Kila ndugu akiomba nakala, mimi huinakili kwanza humohumo kwenye kompyuta, kisha namgawia kutoka ile mpya, asije akaimaliza ya kwangu. Diski nzima nilikuwa mimi, nimevaa shela.

Nikafuta, nikabakiza moja. Abbasi akarudisha alichobomoa, akaongeza kitu: maandalizi yakishindikana, majaribio yasimame hapohapo, yataje sababu, na yafute yalichokwisha kutengeneza.

"Moto usipowaka," akasema, "usiulaumu mchele."

Mwenyekiti, Mzee Ansbert, akaingia. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatoa flashi ya chama ili programu ipimwe humo. Abbasi akabonyeza. Ukatokea mstari mmoja: *Sijaanza kupima. Flashi imejaa.*

Mzee akakohoa. "Ni video za kipaimara cha mjukuu wangu," akasema. "Programu isiyomsingizia mtu naitaka. Kazi umepata."

Nilifurahi mpaka machozi. Nikamuuliza ofisi ya chama iko wapi, nianze kumfungashia Abbasi vitu vyake.

"Bado haijaezekwa," akasema. "Atafanyia hapahapa. Na mimi nikija mjini nimepata pa kukaa."

Nikamletea kiti, maana alikuwa ameshakalia kanga.