Mizani ya Tabia

Asubuhi kazini, kabla hajatia kitu tumboni, mkaguzi wa mizani alijaza dodoso la kupima tabia. Likamwambia yeye ni mkimya, mtu wa peke yake. Hakuridhika. Jioni akalijaza tena nyumbani, kikombe cha chai mkononi, nalo likamwita mchangamfu asiyeishiwa maneno.

“Upuuzi mtupu!” alimfokea mumewe. “Mizani ikipima jiwe lilelile mara mbili ikatoa majibu mawili, mimi naifungia papo hapo!”

Mumewe, aliyemzoea miaka ishirini na sita, alimwongezea chai taratibu.

“Na hilo jiwe lako, mke wangu, huwa linakunywa chai?”

Mkaguzi alicheka mpaka chai ikamwagikia majibu yote mawili, wala hakuhangaika kuyapangusa.