Gunia Tupu Mgongoni mwa Ruksa

Kabla hata ya kukamua ng'ombe, Dorkas alikuwa zizini, ameinua mguu wa nyuma wa Ruksa na kuushikilia mpaka punda huyo mchanga akaacha kuuvuta. Akaushusha taratibu, akahamia mguu mwingine. Alimzoesha hivyo tangu wiki aliyozaliwa: masikio, mdomo, tumbo, kwato. Jina alimpa kwa kuwa miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa na ushirika kufa.

Lori la ushirika lililokuwa likifuata alizeti kijijini halikuja tena. Sasa mnunuzi binafsi alipaki mnadani Ilongero siku mbili tu, leo na kesho, na asiyemkuta shauri yake.

"Mama Esta, leo mpakie," alisema Yeremia, mumewe, amekaa kando ya gunia pekee walilovuna. Kiuno kilikuwa hakimruhusu kuinua hata jembe. "Unamfundisha tangu azaliwe. Huyu ni punda au mwanafunzi wa sekondari?"

"Kufuata kamba anajua, kusimama anajua. Mgongo ndio haujakomaa. Mama yake ulimpakia akiwa hivi hivi, yuko wapi?"

Punda yule alipinda mgongo na kufa mapema, na wote wawili walijua. Yeremia akafungua gunia, akamgawia mkewe nusu.

Dorkas alimfunga Ruksa gunia tupu mgongoni, azoee kuguswa. Alizeti akajitwika mwenyewe juu ya kata, wakashika njia. Waliokutana nao walicheka sana.

"Siku hizi punda anasindikizwa," alisema mmoja.

Shingo ilimuuma Dorkas, lakini alijivuna, na hakuona sababu ya kuficha. Kila lori lilipopita, Ruksa alisimamisha masikio, akamtazama yeye, kisha akaendelea kutembea.

Kwenye kizuizi cha Ilongero, Gasto, mkusanya ushuru, aliwasimamisha.

"Punda asiye na mzigo ni wa kuuza. Lipa ushuru wa mnada."

"Simuuzi, baba. Namfundisha njia."

"Basi huo mzigo mtwike yeye, apite kama punda wa kazi. Punda wa kufundishwa sheria yetu haimjui."

Ng'ambo ya kizuizi, utingo wa mnunuzi alikuwa ameanza kufunga turubai. Zilibaki hatua chache tu, na hilo ndilo lililomkasirisha Dorkas, maana mama yake Ruksa naye alianza kupakiwa kwa hatua chache tu. Akaweka kamba kiganjani mwa Gasto.

"Nishikie. Mzigo wangu uko kichwani, na kichwa hakina ushuru."

Akapita.

Bei ilikuwa imeshuka tangu asubuhi, na mizani ilikuwa na mambo yake. Dorkas alibisha, akaambiwa soko ni huria, aende kwingine. Kwingine hakukuwepo. Akapokea alichopewa.

Aliporudi, Gasto bado alikuwa juani na kamba mkononi, wauza nyanya wakimpongeza kwa kupandishwa cheo. Ruksa alikuwa ametulia kando yake, anasinzia.

"Mama, umechelewa mno. Mimi ni mtumishi wa serikali."

"Pole, baba. Umemshika vizuri, hukumvuta." Dorkas hakuwa anamdhihaki. Alipitisha kiganja mgongoni mwa Ruksa, akachukua kamba. "Kesho naleta nusu iliyobaki. Uwepo, umshike tena."