Viti Viwili Ndani ya Ini

Niliota jana alasiri, nimejifunika kanga juu ya chetezo cha udi. Zimebaki siku tatu niolewe na Shekuwe. Tangu utotoni mwili wangu hunuka samaki, nioge mara tatu au mara saba, na Shekuwe hajui. Shangazi Esha hunifukiza kutwa, na asubuhi na jioni hunilisha mayai manne ili ninenepe.

Ndotoni chetezo kilikohoa. Kikasema siri ya mtungi aijuaye kata, na yangu kinaijua chenyewe, ila kimechoka kunifichia. Kikanituma nikaulize kwenye ini.

Naingia. Ini ni ofisi yenye feni inayozunguka kwa uvivu. Foleni imetoka hadi nje: watu wadogo, kila mmoja ana mikono mitatu na hana mguu hata mmoja. Wananuka kama mimi. Dirishani pana viti viwili vitupu.

Namuuliza wa mbele wao ni nani. Ananieleza kwa adabu kwamba wanaitwa trimethilamini, wametoka kwenye mayai ninayolishwa, na wanamsubiri karani awape oksijeni, funda moja moja. Mwenzao akishakunywa hanuki tena, hutoka na mkojo bila makelele. Ndugu zao wa bahari kuu, waliokwisha kunywa, ndio huwakinga samaki wasiumizwe na uzito wa maji.

"Karani yuko wapi?"

"Hajaajiriwa, Bi Ruzuna. Baba yako alileta kiti. Mama yako naye akaleta kiti. Kila mmoja alidhani mwenzake ataleta karani."

"Kwa hiyo mimi si mchafu?"

"Uchafu gani? Hata samaki hakai majini kama wewe."

Nililia. Miaka ishirini na mbili nilikuwa nikijionea aibu kwa ajili ya viti. Foleni nzima ikanyoosha mikono kunifuta machozi, na ofisi ikajaa maji.

Nilipoamka, udi ulikuwa umezimika. Shangazi Esha alisimama na sahani ya mayai. Juu ya ganda la yai moja palikuwa na alama za viganja vitatu vya majivu, vidogo kama punje za mtama.

"Shangazi, mayai basi," nikamwambia. "Na chetezo kirudishe kabatini. Mwite Shekuwe aje leo, kabla sijafukizwa tena."

Alikuja baada ya magharibi. Nikamkaribisha barazani, nikakaa upande unakotoka upepo.