Hatua Nilizouachia Mlima

Usiku wa jana niliota niko jikoni, simu inaniagizia mkaa. Nawaandikia wenzangu tuliojenga chini ya mlima. Msinicheke kwanza, someni.

Siku hizi sokoni siendi. Nabonyeza tu, gunia linaletwa mlangoni, na kwa kuwa ni rahisi, jiko langu linawaka hata kama hakuna kinachopikwa. Basi kwenye ndoto simu ikasema, "Mama Zamoyoni, nimekuokolea safari nyingine."

"Ahsante," nikasema. "Safari yenyewe umeiweka wapi?"

"Nimempa jirani yako wa nyuma."

Jirani yangu wa nyuma ni mlima.

Mara jikoni si jikoni tena, niko juu mlimani. Miti imepanga foleni, kila mmoja na simu yake. Mninga unapokea: "Halo, ndiyo mimi. Ukipita kisima, shika kushoto, utaniona." Unaweka simu, unaingia wenyewe kwenye tanuri la mkaa, kwa adabu, kama mtu anayeingia ofisini.

Namshika anayefuata. "Kaka, usiende."

"Nimeshaagizwa, mama. Zamani mchoma mkaa alikuwa hajui nani atanunua, akawa anatuchoma wachache wachache, kwa woga. Sasa tunauzwa tukiwa bado na majani."

Nyuma yangu kitu kinapiga hatua. Nageuka. Mlima umesimama, umevaa kandambili zangu.

"Shikamoo," naamkia.

"Marahaba. Hatua usizotembea wewe, natembea mimi. Mizizi ndiyo ilikuwa inanikalisha."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Si huko huko mkaa unakopelekwa."

Zamoyoni, mwanangu, analala chumba cha nyuma, kichwa kimegusa ukuta.

Nachukua debe, nakimbia sokoni kwa miguu, narudi, naenda tena, ili nizirudishe hatua zangu. Mlima unanitazama kwa huruma. "Hizo ni za leo, binti yangu. Za nyuma nimeshazitembea."

Nikaamka natweta. Zamoyoni alikuwa anapumua vizuri tu, amejikunja. Nikaona nimechanganyikiwa, nikaenda kufungua mlango wa uani nipate hewa.

Ukafunguka upenyo tu, ukagoma.

Nikapenyeza mkono. Kwa nje kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, umeuegemea mlango, na mvua bado haijaanza kunyesha.

Sikuufunga. Nilimbeba Zamoyoni na shuka lake, nikatokea mlango wa mbele.