Kikohozi cha Ta Clavery

Katika Ihembe nzima hakuna mwanamke aliyelea watoto wenye adabu kama wangu. Nimezaa saba, wote wana adabu. Haya, wenye adabu ni wawili, na mmoja wao tunasema hivyo kwa sababu anaishi mbali, hatumsikii.

Kwa hiyo mwanangu Gaudiosus, anayenunua maharage pale Omurushaka, aliponiletea binti yake Kokubanza nimlee, sikuomba ushauri wa mtu. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Sasa yuko darasa la tatu, na juzijuzi mwalimu Rogasian alinipigia simu: njoo shuleni, Bibi, uje na mjukuu wako.

Mwalimu hakuzungusha maneno. Darasani kuna mtoto anaitwa Evaresta, mguu wake mmoja ni mfupi tangu kuzaliwa. Kokubanza alikuwa akimfuata nyuma huku akichechemea vilevile, na wenzao wanacheka. Siku nne sasa Evaresta haji shule.

"Mama yake anasema tumbo linamuuma," mwalimu akasema. "Lakini nilipokwenda kwao, mtoto mwenyewe aliniambia harudi tena."

"Mwalimu, tabia hiyo sijui kaiokota wapi," nikasema. "Kwetu hatucheki watu. Sisi ni watu wa kanisani."

Kokubanza akanigeukia. "Bibi, si ndivyo unavyomfanya Ta Clavery?"

Mwalimu akainama chini ya meza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika mkononi.

Ngoja nieleze. Jioni tukimenya ndizi, mimi huwaleta majirani jikoni bila wenyewe kujua. Namleta mzee Ta Clavery na kikohozi chake. Namleta Ma Salvina akisali, jicho moja limefumba, la pili linakagua nguo za watu. Kokubanza alikuwa na miaka mitatu alipokohoa kama Ta Clavery kwa mara ya kwanza. Nilicheka mpaka kisu kikaniponyoka, nikampa karanga. Kesho yake akakohoa tena, nikampa tena. Mtoto akishajua kikohozi kinaleta karanga, usimuulize kwa nini anakohoa. Alipoanza shule akaenda nacho, na huko karanga zake zikawa vicheko vya watoto arobaini.

Tukiwa njiani kurudi akauliza, "Utanichapa?"

"Ningeanza na mgongo wangu mwenyewe, na mkono haufiki. Evaresta alilia?"

"Hakulia. Aliacha tu kutembea. Hata mapumziko alikaa kwenye dawati mpaka sote tutoke."

Afadhali angesema alilia.

Jumamosi tukaenda kwao. Sisi tunakaa juu kilimani, wao wanakaa chini bondeni, shule iko katikati. Basi tukaipita shule, tukateremka. Huku kwetu mgeni ndiye hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna. Siku hiyo niliifunga mwenyewe kwenye jani la mgomba nikaenda nayo, maana niliona sistahili kupewa. Mama yake Evaresta, Kokushubira, alitupa viti. Tabasamu hakutupa. Evaresta alikaa amegeukia ukuta.

"Nisamehe," Kokubanza akamwambia. "Sitatembea nyuma yako tena."

"Utatembea mbele yangu," Evaresta akaujibu ukuta.

Nikaona huyu mtoto ana kichwa. Nikasema, "Evaresta, mwizi ni mimi. Huyu alibeba mfuko tu. Miaka sitini nachekesha watu kwa miguu ya wengine. Leo niigize mimi, ninavyobisha hodi hapa kwenu."

"Mama, haifai," Kokushubira akasema.

"Inafaa. Inuka, mjukuu wangu."

Evaresta alikaa kwanza. Kisha akainuka, akachukua kanga ya mama yake, akajifunga. Mkono mmoja akauweka kiunoni, shingo akaitanguliza kama kuku aliyeona punje. "Hodi wenyewe, napita tu, sikai," akasema, na pua ikaelekea kwenye chungu jikoni. "Napita tu." Akavuta kiti, akakaa, akanusa tena.

Kokushubira alijiziba mdomo lakini kicheko kikatokea pembeni. Kokubanza akaanguka mkekani. Na mimi nikacheka, ila nikiwa wa mwisho. Nina miaka sabini na mitatu, na ndiyo siku niliyojua ninavyoingia kwenye nyumba za watu. Kokubanza akaniona. Akanyamaza kabla ya wenzake, akaja kunishika mkono.

"Lakini mimi sinusi hivyo," nikasema.

"Unanusa, Bibi," wakajibu wote watatu.

Tulipoaga nikamuuliza Evaresta habari ya Jumatatu. "Tumbo bado linauma," akasema. Sikumsukuma.

Jioni ile nikaweka sheria jikoni: anayeigizwa awepo, na yeye ndiye acheke wa kwanza. Jumapili nikamwita Ta Clavery, nikamwonyesha kikohozi chake. Alisikiliza kama mwalimu anayesahihisha, akasema tumekosea mwisho wake, akatufundisha. Halafu akala ndizi zetu sahani mbili. Kokubanza hakuulizia karanga. Aliuliza, "Na Evaresta asipokuja?"

"Basi tutateremka tena," nikamwambia.

Jumatatu, uji haujapoa, nikasikia hatua kwenye majani makavu ya mgomba: moja nzito, moja nyepesi. Nikachungulia. Evaresta alikuwa mlangoni, sare imepigwa pasi, mkoba mgongoni, jasho la kilima usoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kumchukua mwenzako?"

"Hapana," akasema upesi. "Napita tu."

"Shule umeiacha huko chini. Unapita kwenda wapi?"

Akatazama nyuma ya nyumba yangu, ambako kuna migomba, choo, na baada ya choo korongo. Kokubanza alikuwa ameshatoka na vikombe viwili vya uji.

"Kule," Evaresta akasema, akaonyesha choo.